Sampuli Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa jukumu. Sikuliomba, ila nililitaja mwenyewe kwa mdomo wangu, kwa hiyo ni langu.

Mzee Mita amepita kila mlango kutangaza kwamba Jumamosi mafundi wanakuja kujenga msingi wa tangi la maji uani, kwenye ile kona nyuma ya chumba cha Bibi. (Mzee Mita ndiye mwenye nyumba. Wapangaji wote tunamwita hivyo kwa sababu huja kusoma mita ya maji hata siku ambayo maji hayakutoka.) Mama akamkumbusha kwamba kwenye kona ile kuna kichaka. Mzee Mita akasema kichaka kitaondoka, kwani kinalipa kodi?

Kichaka chenyewe: kimesimama mahali ambapo jua halifiki kamwe, kati ya ukuta wa jirani na dirisha la Bibi. Majani madogo, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kijani mwaka mzima. Maua meupe. Na harufu! Macho ya Bibi yamefifia, hajui tena saa kwa mwanga. Anajua kwa pua. Harufu ikiingia dirishani anasema haya, jioni imefika, chai iko wapi. Hajawahi kukosea.

Mzee Mita akaondoka. Harufu ikaja. Bibi hakuuliza chai.

Hapo ndipo nikajisikia nikimwambia asiwe na wasiwasi, nitakizalisha kichaka, Jumamosi ikifika tutakuwa na mtoto wake ndani ya mkebe. Bibi akanishika mkono akasema sawa, mume wangu, nakutegemea wewe. Dada, aliyekuwa akijipaka rangi ya kucha, akacheka mpaka akapaka kidole kizima. Akauliza tangu lini Profesa, yaani mimi, akaotesha kitu kingine zaidi ya chunusi.

Nimempuuza. Nimekwisha kuazima kitabu cha kutambua mimea. Msomi hakati kitu asichokijua jina. Kitabu kinakuuliza swali kuhusu jani, ukijibu kinakutuma kwenye swali jingine, na jingine, hadi ufike kwenye jina la mmea. Nimejibu yote kwa uaminifu mkubwa.

Mmea wetu ni mgomba.

Nimerudia tangu mwanzo. Sasa ni kabichi.

Jumanne, 4 Machi

Mpango mpya: kumuuliza Mwalimu wa Baiolojia. Kizuizi: itabidi niongee naye. Mara ya mwisho nilipojaribu nilimwita Mama, mbele ya darasa zima.

Nikapata wazo. Mwalimu hawezi kuona kitu bila kukieleza. Nitaweka kijitawi chenye maua juu ya meza yake kabla hajaingia. Atakiona, atakitaja jina kwa sauti, nami nitaandika. Hakuna haja ya kufungua mdomo. Safi!

Sikuacha maelezo yoyote pamoja na maua. Dosari ndogo ya utaratibu.

Mwalimu akaingia. Akayaona. Akasimama. Darasa zima linanukia kama harusi. Akauliza ni nani aliyeyaleta. Mtu wa nyuma akapiga mluzi. Mwalimu akavua miwani, akasema yeye ana mume na watoto watatu, na mwenye maua haya ajitokeze sasa hivi kabla hajatafutwa. Darasa likalipuka. Nilijaribu kunyanyuka. Nikaishia kuokota kalamu ambayo haikuanguka.

Akasimama Bingwa! Bingwa, ambaye hadi leo anaamini kiazi ni tunda! Akainamisha kichwa kama mwigizaji, akasema ameleta maua kwa heshima ya somo la Baiolojia, ambalo limebadilisha maisha yake. Mwalimu akatabasamu. Sikujua kama ana meno mengi hivyo. Akamsamehe kazi ya nyumbani, akayatia maua kwenye glasi ya maji, akaanza kufundisha habari za minyoo.

Jina la mmea hakulitaja.

Wakati wa mapumziko Bingwa alinipitia karibu. Kumbe aliniona nikiyaweka. Akaniomba kwa sauti ya chini nilete mengine Ijumaa, kwa sababu kwa mwendo huu anaweza kufaulu bila kusoma.

Sina wivu. Kinachoniuma ni kumbukumbu isiyo sahihi ya nani aliyeleta maua.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio la tatu la kitabu. Gadenia! Maua meupe, yananukia, kijani mwaka mzima, hupenda kivuli. Inalingana na kichaka chetu kwa kila kitu isipokuwa majani, maua yenyewe na umbo. Nimeamua kutokuwa mkali.

Kitabu kinaagiza hivi kuhusu gadenia: kata vijiti, pakaza asali upande wa chini ili visioze, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kisha funika kila kijiti kwa kioo ili mvuke usipotee. Weka mahali penye kivuli na utulivu.

Mchanga: uani. Asali: ya Bibi ya kifua. Kioo: bilauri sita za wageni kutoka kabati la Mama, ambazo sijawahi kuona mgeni akizinywea. Kivuli na utulivu: uvunguni mwa kitanda cha Bibi. Hakuna mahali pengine penye sifa zote mbili katika nyumba hii yenye Dada.

Nimeandika vibandiko vizuri kwa rula. SAMPULI NA. 1. SAMPULI NA. 2. Na kuendelea, hadi sita. Bibi ameniuliza kutoka juu ya kitanda kama mtoto ameshazaliwa. Nimemwambia bado, tumo katika hatua za awali. Akasema haya, basi yeye atajitahidi asigeuke geuke.

Kila nikipata nafasi nazichomoa kidogo kuangalia kama zimeota mizizi. Bado.

Alhamisi, 6 Machi

Sisimizi!

Bibi aliamka akijikuna, akasema lo, uzeeni damu yangu imekuwa tamu. Mama akainua shuka. Kisha akainua godoro. Kisha akapiga magoti akachungulia uvunguni, akawaona wakiwa wamejipanga barabara kutoka dirishani hadi kwenye bilauri zake za wageni.

Akaniita kwa majina yangu yote, pamoja na moja ambalo hatulitumii.

Nilimweleza kwamba ni gadenia. Haikusaidia. Sampuli zote zimetupwa nje. Kusema kweli nyingi zilikuwa zimeshanyauka. Sielewi sababu, wakati nilikuwa nikizikagua mara kwa mara.

Nilikaa uani nikiwa sina raha. Bibi akaniita dirishani, akasema asichukuliwe kama mtu wa kulalamika, sisimizi si kitu, aliwahi kulala na mume anayekoroma. Akauliza tu kama bado kuna matumaini. Nikasema yapo. Nikafungua kitabu mbio kuangalia kama yapo.

Yapo! Sura nyingine. Unaacha tawi juu ya mti wake. Unalichubua gome pande zote kama pete, unalizungushia ule ukijani laini unaoota kama zulia kwenye kuta zenye unyevu, unalifunga lisikauke. Mizizi inatoka hapo hapo juu. Hatari moja tu: huchukua muda, na muda ndio sina. Lakini hata tawi lenye pete lililokatwa ni mwanzo mzuri kuliko kijiti.

Ukijani: ukuta wa jirani umejaa. Cha kufungia: Mama ni nesi. Bendeji hazikosekani kwenye mkoba wake wa kazi. Nilifunga kwa fundo alilonifundisha mwenyewe nilipovunjika kifundo cha mguu, raundi baada ya raundi, mpaka bendeji zikaisha.

Safari hii nimetengeneza kibandiko cha maana. Karatasi ngumu, herufi kubwa, wino mweusi, nikakitia ndani ya nailoni kisilowe:

SAMPULI NA. 7. GADENIA. IMECHUNGUZWA. USIGUSE WALA USIONDOE. UCHUNGUZI UNAENDELEA.

Nikakipiga mhuri wa maktaba ya shule, ule wa bluu wa duara. (Mimi ni msaidizi wa maktaba. Naruhusiwa kuushika, na siku hizi unakaa kwenye begi langu kwa sababu wengine huupiga kwenye mikono yao.) Mhuri hauongezi mizizi, najua. Lakini kazi lazima ionekane imefanywa.

Dada alitoka kuanika nguo, akakitazama kichaka, akasema kimekaa kama mtu aliyeanguka na pikipiki.

Ijumaa, 7 Machi

Siamini.

Nilirudi shuleni nikamkuta Mzee Mita uani. Amesimama mbele ya kichaka. Amevua kofia! Jasho linamtoka. Akaniuliza ni akina nani waliokuja hapa. Walikuwa wangapi? Walikuja na gari? Walikwenda na upande wa mbele?

Upande wa mbele Mzee Mita anajenga duka. Hana kibali. Mtaa mzima unajua, hata watoto wanaocheza kamari ya vifuniko vya soda kwenye mchanga wake wanajua.

Nilifungua mdomo. Dada, aliyekuwa dirishani na roli za nywele kichwani, akajibu kwa niaba yangu. Akasema yeye hakuwaona vizuri, Mzee wangu, ila watu wa aina ile huwa hawabishi hodi. Mzee Mita akauliza kama waliandika kitu. Dada akafikiri, akasema mmoja aliandika sana.

Mzee Mita akatoa simu pale pale, akawaambia mafundi wa tangi wasije. Wasije Jumamosi wala siku nyingine. Tangi litatafutiwa pengine. Kisha akaondoka kinyumenyume, na kabla hajapinda kona nadhani alikiinamia kichaka. Kidogo, lakini alikiinamia.

Ilinichukua muda kuelewa. Dada ilimchukua muda zaidi kunieleza, kwa sababu ya kicheko. Mzee Mita anaamini serikali imekuja kwenye kona yetu!

Jioni harufu ikaingia. Bibi akauliza chai iko wapi. Mama akaimimina kwenye bilauri ya wageni, nafikiri kwa makusudi. Dada akanishika sikio, si kwa nguvu sana, akaniamuru nifunge domo, nisikiguse kibandiko, nisipumue karibu na kibandiko. Kukaa kimya, akasema, ndicho kitu pekee Mungu alichonijalia, basi nikitumie.

Nimeahidi. Na ni rahisi.

Jumamosi, 8 Machi

Janga. Nitajaribu kueleza kwa utaratibu.

Asubuhi kulikuwa na masomo ya ziada. Mwalimu wa Baiolojia alikuwa akifundisha aina za majani. Akachukua kile kijitawi kilichokuwa kikinyaukia kwenye glasi mezani kwake, akakiinua, akasema wengi mkiona hivi vipande vidogo mnadhani kila kimoja ni jani. Sivyo. Hivi vyote pamoja, na kikonyo chao, ni jani moja lililogawanyika.

Jani moja! Wiki nzima nimekuwa nikijibu maswali kuhusu vipande vya jani!

Akakisugua kipande kati ya vidole, akakipitisha tunuse. Ganda la chungwa kabisa. Akasema mmea huu ni wa ukoo wa mchungwa, huitwa muraya, watu hupenda kuupanda kwenye kivuli kwa harufu yake. Akamuuliza Bingwa, mleta maua, kama alilijua jina hilo. Bingwa akasema yeye alikuwa akiyaita tu maua. Darasa likacheka, na Mwalimu naye akacheka, na Bingwa akapendwa zaidi.

Sikucheka. Uani kwetu, ndani ya nailoni, chini ya mhuri, kwa mwandiko wangu mwenyewe, pameandikwa GADENIA.

Nilirudi nyumbani mbio. Mama kazini. Dada yuko saluni, anasuka watu. Bibi amelala. Nilijiambia nisikiguse. Nilikaa juu ya mikono yangu, kweli, niliikalia. Lakini mtu atasoma kibandiko kile siku moja, pengine mtu mwenye elimu, na ataamini. Nikasema nitafuta neno moja tu. Moja!

Nilikuwa nimefika kwenye herufi ya tatu nilipohisi mtu nyuma yangu.

Mzee Mita alikuwa amepauka. Akaniuliza mtoto wa nesi nafanya nini, nachezea karatasi ya serikali, nataka yeye akalale ndani? Ningeweza kunyamaza. Nilipaswa kunyamaza! Nimenyamaza maisha yangu yote, mbele ya watu ambao walitaka sana niseme. Badala yake nikasikia sauti yangu, ndefu, iliyonyooka, haina kigugumizi hata kimoja. Nikasema samahani, Mzee, kuna kosa la kitaalamu, si gadenia, ni muraya, na serikali haihusiki, ni mimi. Nikamweleza sampuli za kwanza. Nikamweleza asali. Nikamweleza hata habari ya jani lililogawanyika, nikamwonyesha kwa mfano.

Akasogeza macho kwenye mhuri. Akasoma polepole, kwa sauti: Maktaba... ya... Shule.

Sijui kama binadamu anaweza kuwa na rangi ile. Akasema mafundi watakuja keshokutwa asubuhi, na kichaka kitang'olewa pamoja na bendeji zake, na mimi nikikutwa karibu nitang'olewa pia.

Dada aliporudi na kusikia habari, alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Afadhali angenitukana. Bibi yeye alinisemesha, na hilo ndilo baya zaidi. Alisema si neno, mume wangu. Pua nayo itazoea.

Jumapili, 9 Machi

Hodi mlangoni. Mzee Mita. Nilijificha nyuma ya pazia, ambalo halifiki sakafuni.

Akaviita viatu vyangu vitoke nje.

Uani akanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashusha sauti. Akasema hakulala vizuri, amefikiri sana. Ile karatasi imemtisha yeye, mtu mzima, mwenye nyumba, aliyewahi kugombana na watu wa maji na kuwashinda. Basi karatasi kama ile itamtisha mtu yeyote. Anataka moja. Iwekwe kwenye ukuta wa duka lake, mbele, barabarani. Iseme IMECHUNGUZWA. Na ule mhuri wa bluu, upigwe uchafuke kidogo usisomeke vizuri.

Malipo yangu: kichaka kinabaki. Tangi litakwenda upande wa choo. Ameapa kwa nyumba yake yote, pamoja na duka.

Nikamwambia haiwezekani. Sithubutu kuandika kwamba kitu kimechunguzwa wakati hakijachunguzwa. Mzee Mita akashika kichwa. Akasema basi kichunguze, mwanangu, nani amekukataza, ukuta ule pale, uangalie mpaka macho yakutoke!

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikikichunguza, karatasi itakuwa ya kweli. Nimekubali. Kuhusu mhuri nikamwambia utapigwa vizuri au haupigwi kabisa. Akasema vyovyote, vyovyote, na mafundi amewasimamisha mpaka aone karatasi.

Dada amefuta machozi, sijawahi kumwona hivyo. Amesema huu ni muujiza wa pili katika wiki moja na familia yetu haistahili wa tatu. Niandike neno moja. Neno moja tu, Profesa! Nipige mhuri, nirudi kusoma.

Bibi amesema mume wake ana akili nyingi kuliko wanavyodhani. Nimemletea ua moja alishike.

Jumatatu, 10 Machi

Siku bora kuliko zote. Naandika hii nikiwa dirishani kwa Bibi, harufu imeshaingia, chai imeshaulizwa, imeshaletwa.

Nilitoka shuleni na kitabu cha ujenzi. Sitaki tena kurudia aibu ya gadenia, kwa hiyo safari hii nimesoma kila neno na kupima kila kitu mara mbili. Nilifunga jiwe kwenye uzi, nikauning'iniza kutoka juu ya ukuta wa duka. Uzi ulisimama wima. Ukuta haukusimama wima. Umeinama kuelekea barabarani kama mtu anayetaka kusikia siri. Nikapima na nyufa. Nikachimba kidogo chini kuutafuta msingi. Nikaupata mapema mno.

Na hapa ndipo nilipoonyesha kwamba nimekomaa. Zamani ningeandika neno moja, IMECHUNGUZWA, nikaenda zangu, kama Dada alivyotaka. Lakini kibandiko changu cha kwanza kilituletea balaa kwa sababu gani? Kwa sababu maelezo yake hayakuwa sahihi! Basi hiki nimekiandika kwa ukamilifu, kwenye kadibodi ya friji, herufi kubwa zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara:

IMECHUNGUZWA. UKUTA UMEINAMA. MSINGI NI MFUPI. KIBALI HAKIJAONEKANA. TAFADHALI USISIMAME HAPA.

Mhuri umetoka safi kabisa.

Nimekitundika mwenyewe. Mzee Mita bado hajarudi kutoka alikokwenda, nataka akute kila kitu tayari. Dada hajui pia, yuko saluni. Nimemwambia Bibi tu kwamba kichaka chake sasa hakina wa kukigusa. Amenibariki, akaomba kikombe cha pili.

Nimesikia gari, nimehamia dirisha la mbele na daftari langu: kibandiko kimeshaanza kupata wasomaji! Gari jeupe limesimama mbele, wametelemka mabwana wawili. Mmoja ana kofia ngumu ya njano. Wamesoma mpaka mwisho, wamerudi nyuma, wamesoma tena. Sasa wanapiga picha, na yule wa kofia anawauliza watoto mwenye nyumba hii ni nani na ana majengo gani mengine humu ndani.

Watu makini. Inaonekana wanapenda usahihi. Siku nyingine ningejificha nyuma ya pazia, lakini leo najisikia naweza kuongea na mtu yeyote. Natoka kuwaonyesha na huku nyuma.